Uzoefu wangu na Mark II GX100 ya 1998: kuifufua gari ya zamani kwa hela ya mshahara

Wakuu, nimekuwa nikiulizwa sana hii gari nimeifanyaje mpaka imekaa hivi, na wengi wanaouliza wanadhani kuna mamilioni yamelala humo, sasa ngoja niandike yote kwa mkupuo ili anayetaka kununua GX100 ajue anaingia wapi. Gari ni Toyota Mark II Grande, ile sura ya pili iliyoanza kutoka mwaka 1998, injini ni 1G-FE yenye VVT-i, silinda sita za mstari, cc 1988, oto ya gia 4, tairi za nyuma ndo zinasukuma. Niliichukua hapa hapa Dar mkononi kwa mtu. Kuagiza gari ya umri huu sasa hivi TRA wanakubandika tozo ya uchakavu juu ya kodi zingine zote na hesabu inakataa kabisa, kwa iyo ambazo zipo nchini ndo hizo hizo tunazungushiana, na karibu zote zimeshapita mikononi mwa mafundi wengi.

Niseme mapema msimamo wangu: kwenye hizi gari hela ya kwanza iende kwenye maji (mfumo wa kupooza injini), ya pili iende kwenye miguu (shokapu, bushi na mikono ya tairi), muonekano usubiri. Naona vijana ananunua GX100 leo, kesho rimu inchi 18 na ekzosi ya kelele, mwezi haujaisha gari iko juu ya mawe gereji silinda hedi imepinda. Inaniuma sana kwa sababu hii injini ukiitunza ina roho ngumu, watu wanaiua wenyewe.

Tuanze na maji. Nilipoifungua rejeta kuyatoa ya zamani, yaliyotoka yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na chini ya beseni vikabaki vipande vya kutu. Maana yake gari imetembea miaka na maji ya bomba bila kulanti (coolant, dawa ya kupooza injini na kuzuia kutu). Nikafungua nyumba ya themostati, tupu, hakuna kitu. Huu ndo ugonjwa wa gereji zetu nyingi, fundi anakwambia "bosi hii kitu imewekwa kwa ajili ya nchi za baridi, huku joto haina kazi, tunaitoa gari ipumue". Sio kweli. Themostati kazi yake ni kuzuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ifikie joto lake la kazi, ikishafika nyuzi 80 na kitu inafunguka yenyewe. Ukiitoa, maji yanazunguka muda wote, injini inachelewa kupata joto au kwenye barabara ya wazi haipati kabisa, kompyuta inaona bado ni ya baridi inazidi kumimina petroli, halafu wewe unakuja kulalamika GX100 zinakunywa. Alafu kibaya zaidi, themostati nyingi zilitolewa ili kuficha tatizo lingine, rejeta imeziba au pampu imechoka, tatizo lenyewe liko pale pale linasubiri foleni ya Ubungo saa kumi na moja jioni.

Nilichofanya: rejeta mpya ya kichina, themostati mpya orijino (hapa usibane hela, ni kitu kidogo sana), mfuniko wa rejeta mpya, mipira yote ya maji, na kulanti iliyochanganywa na maji safi ya betri (yale yasiyo na asidi). Mfumo ukauflashi mara kadhaa mpaka maji yatoke meupe ndo tukaweka kulanti. Kwa vile mbele kulishafunguliwa nikabadili na taiming belti, tenshena yake na pampu ya maji kwa pamoja, ufundi unalipia mara moja. Taiming belti ya hii injini ni kilomita 100,000, ila dashibodi za hizi gari usiziamini, kama huna ushahidi imebadilishwa lini, badili. Kwenye 1G ya VVT-i mkanda ukikatika vali zinakutana na pistoni, hapo unazungumzia kufungua injini, na gharama yake inakaribia nusu ya bei ya gari. Kazi yote hiyo ya maji na mkanda ilinila kama laki saba na kitu pamoja na fundi, na nimeigawa kwa mishahara miwili. Kwangu ndo hela iliyokaa vizuri kuliko zote nilizotoa kwenye hii gari.

Feni vilevile. Ilikuja na feni yake ya asili, ile inayozungushwa na mkanda wa mbele kupitia kopla yenye mafuta ndani. Kopla ikichoka feni inazunguka kivivu, na fundi wengi hapo wanatupa wanafunga feni ya umeme ya gari nyingine na waya wa moja kwa moja. Mimi nilitafuta kopla used ya Japan Ilala, nikaijaribu kwa mkono pale pale: kopla ikiwa ya baridi inatakiwa ikazekaze kidogo ukiizungusha, ikizunguka kama haina mwenyewe achana nayo.

Sasa cheki injini. Taa ilikuwa inawaka muda wote na gari nzito mlimani. Nikaenda kwa watu wa kupima na mashine, mashine yao haikusoma, wakasema kontrolboksi (kompyuta ya injini) imekufa nitafute nyingine. Wakuu kabla hujanunua kontrolboksi fanya hivi, haina gharama. Fungua boneti utafute kiboksi cheusi chenye mfuniko ulioandikwa DIAGNOSTIC. Ndani ya mfuniko kuna ramani ya matundu, tafuta TE1 na E1, unganisha hayo mawili kwa kipande cha waya au klipu ya karatasi, hakikisha ni hayo hayo na si mengine. Washa swichi bila kupiga stata. Taa ya cheki injini itaanza kupepesa. Ikipepesa haraka kwa mwendo ule ule bila kusimama, hakuna kosa. Kukiwa na kosa itapepesa kwa mafungu: yangu ilipepesa tano, ikatulia kidogo, ikapepesa mbili, yaani 52, sensa ya noki. Hiyo sensa inasikiliza mgongano ndani ya silinda, kompyuta isipoipata inarudisha nyuma moto wa plagi kwa usalama, ndo maana gari inakosa nguvu. Na sensa yenyewe ilikuwa nzima! Waya wake ulikuwa umeliwa na panya pale chini ya menifodi. Fundi umeme akaweka kipande kipya cha waya, ule wenye wavu wa kuzuia mwingiliano, akachomea vizuri kwa risasi, nikamlipa elfu ishirini. Ukimaliza chomoa fyuzi ya EFI kwa muda kidogo kufuta kumbukumbu. Ningewasikiliza wale ningenunua kontrolboksi ya laki tatu na taa ingewaka vile vile.

Koili zipo sita, kila plagi na yake. Gari ikitetemeka ikiwa sailensi (inaunguruma bila kukanyaga mafuta), chomoa soketi ya koili moja moja injini ikiwa inaunguruma, ile ambayo ukichomoa hakuna kinachobadilika ndo silinda isiyofanya kazi. Hamisha koili yake kwenda silinda nyingine, tatizo likihama, koili imekufa, lisipohama angalia plagi au nozeli (ya kumwaga petroli).

Miguu. Hapa ndo utamu wa hii gari ulipo na ndo pesa inapoishia, maana mbele na nyuma ina wishiboni (mikono inayoshika tairi) za juu na chini, raha yake barabarani huipati kwenye gari za kawaida za bei hii, ila bushi ni nyingi balaa. Kanuni yangu ni hii: bushi mpya zipigwe kwa presi ya mashine na sio nyundo, mikono used sawa kama haijapinda, boljointi (kiungo cha mpira wa chuma kati ya mkono na tairi) used KAMWE. Boljointi ikichomoka tairi linalala ukiwa kwenye mwendo. Kuipima inua gari na jeki, shika tairi juu na chini utikise, ukisikia kugonga usiahirishe. Shokapu nilichukua used za Japan mbele, mpya nyuma. Na ukimaliza miguu lazima alaimenti ya kompyuta, tairi zangu za mwanzo zilikuwa zimeliwa upande wa ndani mpaka nyuzi zinaonekana wakati nje kashata (meno ya tairi) bado ziko kamili.

Kuhusu kununua spea Gerezani na Shaurimoyo: nenda na kifaa chako cha zamani mkononi, linganisha soketi na namba, na ukitajiwa "orijino" usiishie kwenye boksi. Kuna duka waliniuzia plagi boksi safi kabisa, maandishi yake yakafutika kwa kidole tu. Vitu vya umeme havirudishwi, kwa iyo omba vijaribiwe kabla hujatoa hela. Wale wauzaji wa siku nyingi wana msaada sana, kuna mzee mmoja alikataa kuniuzia wishiboni, akaniambia "kijana hiyo yako haijapinda, nenda kapige bushi tu", tangu siku hiyo ndo naanzia kwake kila kitu.

Muonekano nimegusa kidogo. Rimu inchi 17 used, matundu 5 ya 114.3 (milimita, upana wa duara la matundu) ambayo yanaingiliana na Toyota nyingi kwa iyo hazisumbui kupata, tairi 215/45. Springi fupi za kununua, inashuka kiasi na matuta ya mtaani inapita. Springi za kukatwa kwa grenda nazipinga kabisa, gari inadunda, shokapu zinakufa, na springi inaweza kuhama kwenye kikalio chake ukiruka shimo.

Swali la kung'oa injini yangu na kuweka 1JZ, ile yenye turbo, naulizwa kila siku. 1JZ-GTE ya Tourer V (Mark II ya turbo) ni farasi 280, hii yangu 160, tofauti naijua. Lakini ukiweka ile unahitaji giaboksi yake, waya zake, breki za kuisimamisha, na kadi ya gari ina namba ya injini, kwa iyo ukibadili lazima ukabadili na kadi. Mwenye bajeti ya mshahara hizo hela akiziweka kwenye breki na miguu ya 1G atafurahi zaidi, huo ni mtazamo wangu na nausimamia.

Jaribio lenyewe lilikuwa safari ya Iringa. Mikumi unapita na 50 kwa sababu ya hifadhi, hapo gari inapumzika, ila mlima Kitonga ndo mtihani, unapanda nyuma ya malori ya Tunduma gia ya pili, kona juu ya kona, AC imewashwa, bonde liko kushoto kwako, jicho langu halikutoka kwenye mshale wa joto. Haukusogea. Kando ya barabara kulikuwa na gari mbili zimefunguliwa boneti mvuke unatoka. Mafuta njiani ilinipa kilomita 11 hadi 12 kwa lita, mjini na foleni ni 7 au 8, asikudanganye mtu zaidi ya hapo.

Kilichobaki ni kutu kwenye upinde wa tairi la nyuma kushoto. Puti (ile ya kupaka kuziba bati) sitaki, inaficha mwaka mmoja halafu bati lote linamong'onyoka. Nataka kutu ikatwe na bati jipya lichomelewe, kwa iyo anayemjua mchomeleaji mzuri wa bati jembamba huku Temeke au Mbagala anielekeze.