Nimebadili prosesa kwenye mashine ya ofisi: gemu zilipofaidika na zilipobaki palepale

Mashine ninayochezea ni Dell OptiPlex 9020, zile za ofisi zilizotumika Ulaya ambazo maduka ya kompyuta hapa Mwanza mjini yamejaa. Ilikuja na prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel Core i5-4570. Niliipachika kadi ya grafiki ya GTX 1650, kwa sababu aina nyingi za kadi hiyo hazidai waya wa ziada wa umeme na pawasaplai ya mashine hizi ni ndogo. RAM ni 16GB, vijiti viwili. Juzi juzi nimetoa ile i5 nikaweka i7-4790, nayo mtumba. Bei haikufika laki mbili, na kwa kuwa soketi (tundu la prosesa) ni ileile, mazabodi, yaani bodi kuu, haikuguswa.

Kwenye karatasi tofauti yenyewe si ya kutisha. i5 ina kori nne (sehemu zinazofanya kazi) na thredi nne (mistari ya kazi inayobebwa kwa pamoja), inaanzia spidi ya 3.2GHz na kupanda hadi 3.6. i7 ina kori nne vilevile, ila thredi ni nane, inaanzia 3.6 hadi 4.0, na keshi (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) ni 8MB badala ya 6MB. Kwa spidi tupu hiyo ni nyongeza ya asilimia 11 au 12. Muuzaji akikuambia gemu zitakimbia mara mbili, mwache aongee, wewe lipia prosesa.

Nilianza na GTA V. Kwa i5 nilikuwa napata fremu (picha kwa sekunde) 60 na ushee kwa wastani, lakini ukiendesha kwa kasi katikati ya mji zinaanguka hadi 40, picha inashtuka, na ukishtukia gari limeshavaa nguzo. Kwa i7 wastani umepanda kidogo tu, 70 na kitu. Kilichobadilika hasa ni ule mwanguko: sasa ni nadra kushuka chini ya 55. Ukisoma wastani peke yake utasema nimepoteza hela. Ukishika kidhibiti mwenyewe hutasema hivyo.

Nikataka kujua ni spidi au ni thredi. BIOS ya Dell (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka) inakuruhusu kuzima thredi za ziada, nikazizima, i7 ikabaki kama i5 yenye mwendo zaidi. Kushtuka kukarudi; si kwa kiwango cha zamani, lakini kukarudi. Nikaziwasha tena, halafu nikazima turbo, ule uwezo wa kupanda juu ya spidi ya kuanzia (kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, ukishusha kiwango cha juu cha prosesa hadi asilimia 99, turbo inalala). Mashine ikakaa kwenye 3.6GHz, na GTA ikapoteza fremu chache ambazo bila zile namba za kwenye kona ya kioo nisingezijua. Kwa gemu hii, basi, hela yangu ilinunua thredi zaidi ya GHz.

Kwenye gemu za PS2 mambo ni kinyume kabisa. Natumia PCSX2, programu ya kuchezea gemu za PS2 kwenye kompyuta, na kazi yake kubwa inabebwa na thredi mbili tatu, nyingine zinakaa bure. Hapo kila chembe ya GHz inaonekana. Gemu yangu moja ya mbio za magari ilikuwa inashuka hadi 54 badala ya 60 pale magari yanapojazana kwenye kona, na sauti inaanza kukwaruza. Kwa i7 imetulia kwenye 60. Nikizima turbo, sauti inakwaruza tena palepale kwenye kona ileile. Sisi tuliokulia vibandani, tukilipia kwa mechi, tunazipenda bado gemu hizi. Kama na wewe ni wa kundi hilo, tafuta prosesa ambayo kori yake moja ina nguvu, usibabaishwe na wingi wa thredi.

Red Dead Redemption 2? Hakuna kitu. Fremu arobaini na kidogo kabla, arobaini na kidogo baada. GTX 1650 inafanya kazi asilimia 99 muda wote, na prosesa inaisubiri. Ukitaka fremu 60 kwa sekunde, kila fremu ina milisekunde 16.7: prosesa ipange nani yuko wapi na nini kimegongana na nini, kadi ichore. Anayechelewa kati ya hao wawili ndiye anayeamua utapata fremu ngapi.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, weka MSI Afterburner, programu ya bure inayokuonyesha fremu, halafu kwenye gemu shusha ukubwa wa picha kutoka 1080p hadi 720p. Fremu zikipanda sana, kadi ndiyo iliyokuwa imeelemewa, na prosesa mpya haitakusaidia. Zikibaki palepale, prosesa ndiyo inayokuvuta nyuma.

Na tafadhali usinunue stika. Kuna mashine zinanadiwa "Core i7, 3.4GHz", ukifungua unakuta i7-2600 ya mwaka 2011. Core i3-12100 ya 2022 imeandikwa 3.3GHz na inaiacha mbali, kwa sababu inafanya kazi nyingi zaidi katika kila mzunguko, tena turbo yake inafika 4.3. Hata kwa AMD, washindani wa Intel: Ryzen 7 5800X3D ina GHz pungufu kuliko 5800X, lakini kwenye gemu nyingi inaishinda kwa sababu ya keshi ya 96MB dhidi ya 32MB. GHz zinalinganishwa ndani ya kizazi kimoja, na keshi zikiwa zinakaribiana, basi.

Kuna joto pia. Naishi Mabatini, chumba cha bati bila dari, na saa nane mchana i7 ilikuwa inagonga nyuzi 90 na zaidi. Ikifika 100 inajipunguzia spidi yenyewe, na zile 4.0 ulizolipia huzioni. Nikampelekea fundi, akafungua feni. Vumbi lilikuwa limegandamana na mbawa za wale wadudu wa ziwani wanaoinuka juu ya maji kama moshi, limeziba kabisa mapengo ya chuma cha kupozea. "Kaka, hii haijapulizwa tangu itoke kwa wazungu," akaniambia. Akapuliza, akafuta pesti ya kupitisha joto iliyokuwa imekauka ikawa unga, akapaka mpya. Joto likashuka kama nyuzi 15. Kwa kazi ya elfu chache, hilo nalihesabu kuwa sehemu ya bei ya prosesa.

Mtandaoni usitarajie muujiza. Counter-Strike 2 sasa inateleza vizuri, ni gemu inayokula prosesa haswa, lakini seva ninazounganishwa nazo ziko Johannesburg au Dubai, na safari hiyo haifupishwi na i7. Ukipigwa kabla hujamwona adui, angalia ping kwanza, yaani muda wa kwenda na kurudi kwenye seva.

Je, ningeinunua tena? Kwa mashine hii na kadi hii, ndiyo. Mwenye 9020 isiyo na kadi kabisa aanze na kadi. Anayejenga upya asiguse i7-4790, hela aiweke kwenye i3-12100 au mfano wake. Ile i5 yangu nimemuuzia jamaa mwenye steshenari Igoma. Anachapa barua na kuskani vyeti, na hajaniletea lalamiko.