Vitabu vya kutisha kwa mtoto wa miaka 8 hadi 12: kipi ununue kwanza Dar

Mtoto akiomba kitabu cha kutisha, mnunulie. Watoto wengi wanaokimbia vitabu vya shule hukaa kimya saa nzima wakipata cha majini. Ila usichague kwa picha ya jalada. Mimi naangalia jambo moja kuliko yote: je, hofu iliyoanzishwa inaisha humo humo kitabuni, au mtoto anaondoka nayo kitandani?

Kwa kipimo hicho namba moja naipa Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952. Najua wengi wanakihesabu kitabu cha maadili. Kisome tena. Kuna mtu mwema anayewachapa manyani wawili kila usiku huku akiona uchungu, na manyani hao ni ndugu zake wa damu. Kuna jini aliyewageuza. Kuna mji mzima ambao watu wake wamekuwa mawe, na binti mmoja tu aliyebaki hai. Mtoto wa miaka 9 hawezi kuweka chini kitabu hicho, na mwisho ndugu wanasamehewa na kurudi kuwa watu. Kiswahili chake ni kizito kidogo, kwa hiyo sura za mwanzo msomee wewe kwa sauti. Ni chembamba, na kwenye maduka ya vitabu ya Mtaa wa Samora ndicho cha kuulizia kwanza.

Namba mbili ni Goosebumps vya R. L. Stine, kwa mtoto anayesoma shule ya mchepuo wa Kiingereza. Mfululizo wa kwanza ulitoka kati ya 1992 na 1997, vitabu 62, na ndiyo maana havikosekani kwenye mitumba. Sura ni fupi na karibu kila moja inakatia penye kishindo, hivyo hata msomaji mvivu anasogea. Nimeviweka nyuma kwa sababu vingi vinamalizia kwa kuamsha tena hofu iliyokwisha kulala. Wa miaka 11 atacheka. Wa miaka 8 atakuja kulala kwenu. Angalia pia jina kamili: Fear Street ni vya mwandishi huyo huyo, lakini ni vya vijana wakubwa na mauaji yamo. Muuzaji wa mtumba huvipanga rundo moja.

Wa darasa la saba mpe Mzimu wa Watu wa Kale cha Mohamed Said Abdulla (1960). Maiti inaokotwa penye mzimu, yaani mahali pa matambiko, watu wanaogopa, halafu anakuja mpelelezi Bwana Msa na kiko chake na kufumbua kila kitu kwa akili. Mtoto mdogo atapotea katika mazungumzo yake marefu.

Vya kuacha kabisa ni riwaya za uchawi zinazouzwa vipande vipande WhatsApp. Hizo ni za watu wazima, na mambo ya chumbani hayako mbali. Na kitabu chochote ambacho mchawi wake ni bibi kizee mwenye macho mekundu, kirudishe mezani. Nchini kwetu vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho hayo, ambayo mara nyingi ni moshi wa kuni tu. Zimwi anatosha kutisha; hana nyumba mtaani kwenu.

Ukinunua kwa wauzaji wa barabarani pale Posta, fungua nyuma kwanza. Kurasa za mwisho ndizo hung'oka mapema, na kitabu cha aina hii kisicho na mwisho hakifai hata kwa bei ya bure. Pitisha kidole kwenye mgongo uone kama gundi imekauka. Ukichukua vitatu kwa pamoja, bei inazungumzika.