Drili ya betri: kutoboa yatoboa, ila kichwa kizito

Nimeitumia miezi miwili, kazi nyingi Mji wa Kale, Mombasa, kwenye kuta za mawe ya matumbawe. Kutoboa sina neno, na betri hunifikisha adhuhuri.

Tatizo ni uzito ulivyokaa. Ina kilo 2 tu, lakini karibu wote uko mbele kwenye mota, kwa hivyo pua yataka kuinama kila saa na kifundo cha mkono ndicho kinacholia. Juzi Kibokoni nilikuwa juu ya ngazi, mkono nimeunyoosha wote, nafunga reli ya pazia. Tundu la tatu, bega likawaka moto. Nikaisogeza ngazi, nikapanda kidato kimoja zaidi, kiwiko nikakibana ubavuni. Drili ni ileile, lakini ikawa nyepesi! Kilo 2 zikiwa sentimita 60 kutoka begani hulemea sawa na kilo 4 kwenye sentimita 30, na hapo mkono wenyewe sijauhesabu.

Mshikio wa pembeni umo kwenye boksi, ufungeni. (Mwenzangu aliutupa akidhani urembo.)

Kazi ya dari siendi nayo. Naazima ile ambayo betri yake iko chini ya mshikio.