Rede au kamba kwa wanafunzi viziwi?

Mwalimu wa michezo mwenye mpira wa soksi na kipande cha kamba aanze na kipi?

Kiungo kinachousaidia mwili usiyumbe kimo ndani ya sikio, jirani kabisa na kile cha kusikia. Ndiyo maana baadhi ya watoto viziwi, hasa waliopoteza usikivu kwa homa ya uti wa mgongo, hupepesuka wakisimama kwa mguu mmoja au wakifumba macho. Si uzembe.

Kamba humpa mtoto huyo jambo moja kwa wakati: kuruka, kutua, kuruka tena. Wenzake wanaosikia hufuata wimbo. Yeye hufuata mikono ya wazungushaji. Mwanzoni kamba ibembezwe tu chini chini, isizungushwe.

Rede ni tajiri zaidi. Aliye katikati hukwepa, huinama, hugeuka ghafla, huku akijaza mchanga kwenye chupa. Shida ni mrushaji wa nyuma: mtoto anayesikia huonywa na kelele za wenzake, kiziwi hana ila macho. Na kule kugeuka kwa kasi ndiko kunakowaangusha wanaoyumba. Warushaji wasogee mbali kidogo, kila mmoja ainue mkono kabla ya kurusha. Filimbi ibaki mfukoni. Tumia kitambaa chekundu, kama waamuzi wa michezo ya viziwi wanavyotumia bendera.

Mimi ningeanza na kamba wiki kadhaa, kisha rede, ambayo kusema kweli ndiyo watakayoidai kila mapumziko.