Wanafunzi wa kujitolea shambani: nyota tatu, na zote ni za watoto wenyewe

Mimi ni mkulima wa kahawa na migomba Kibosho, juu ya Moshi. Kihamba chetu, yaani shamba linalozunguka nyumba, hakifiki ekari 2. Kwa misimu miwili nimepokea wanafunzi wa nje wanaoletwa na kampuni moja ya mjini. Wanalala kwangu, wanakula kwangu, asubuhi tunashuka wote shambani. Wageni huandika sana kuhusu safari hizi. Mwenye nyumba haulizwi, basi nasema mwenyewe.

Kundi la kwanza lilifika Aprili. Masika! Tope mpaka magotini, na kahawa yetu huanza kuiva Julai hivi. Kampuni ilikuwa na kalenda ya likizo za Ulaya, ya shamba haikuwa nayo. Siku ya tatu wakahamishiwa shuleni kupaka rangi darasa, wasichana wanne, wiki nzima. Fundi wetu wa hapa angemaliza kwa siku mbili, tena akalipwa. Alikuwa akipita barabarani anawatazama tu.

Agosti wakaja wawili, wanafunzi wa kilimo kutoka Uholanzi, na hapo ndipo nyota zangu zilipotoka. Siku ya kwanza kijana alichuma kama anayekamua ng'ombe: anashika tawi, anavuta, zinakuja mbivu, mbichi, majani na vikonyo. Nikamwambia, babaangu, hiyo ya kijani ni ya wiki ijayo. Nikamshika vidole: punje moja, zungusha kidogo, inaachia yenyewe. Ukikwanyua unaumiza tawi, na mbichi zikichanganyika unapomenya, kahawa inashuka daraja hata uioshe namna gani. Siku hiyo alijaza ndoo moja. Mjukuu wangu wa miaka 10 alijaza tatu na kumcheka kwa Kichaga.

Msichana yeye alikuwa na mkono wa kuosha. Tukishamenya tunaivundika kahawa mpaka ute uachie. Alitaka nimwambie ni saa ngapi hasa, daftari liko tayari. Nikamwambia huku saa inategemea baridi, ingiza mkono. Jioni akasugua punje: bado zinateleza. Asubuhi akarudi kabla ya chai, akasugua tena, akaniita, "Mama, zinakwaruza!" Kama changarawe, ndivyo inavyotakiwa. Tangu siku hiyo sikuwa naamka mimi kwenda kuangalia.

Ila wiki mbili ni chache mno. Ya kwanza unafundisha na kuuguza tumbo la mgeni, ya pili anaanza kukusaidia, halafu gari linakuja kumchukua na kahawa bado iko mtini. Chakula hakikunishinda. Mtori walipenda. Msichana hakula nyama wala maziwa, nikampa maharage, ndizi na parachichi, akanenepa.

Kilichonikera ni hesabu. Mimi nililipwa 20,000 kwa kila mgeni kwa siku, humo humo chakula, maji ya moto na kufua mashuka. Msichana aliponitajia alicholipa yeye kwa hizo wiki mbili, nilimrudisha mara mbili nikidhani ni Kiingereza changu. Na pesa ya Agosti niliipata Oktoba, baada ya kupanda Hiace mara nne kwenda ofisini kwao kuambiwa mhasibu ametoka. Mkipokea wageni, andikianeni tarehe ya malipo kabla mtu hajashusha begi. Ulizeni pia habari ya kibali cha ukaazi, maana anayejitolea haji kwa viza ya utalii tu, na wakija watu wa uhamiaji wanakukuta wewe nyumbani.

Juzi wameniandikia tena, wanaomba vitanda vinne kwa Aprili. Nimewajibu Aprili sina kahawa, na lile darasa rangi bado haijachuja.