Kamera ya Filamu ya Zamani: Ipi Ununue Kwanza, na Filamu Uiskani kwa Kifaa Gani

Anayetaka kuanza kupiga picha kwa filamu huuliza kwanza aina ya kamera. Mimi ningemrudisha nyuma: picha zako utazitazama wapi? Karibu sote tunazitazama kwenye skrini, na kati ya negativu (filamu iliyokwisha kusafishwa, yenye picha iliyogeuzwa mwanga na giza) na skrini kuna skana. Kamera ya zamani ni kisanduku cha giza chenye shata, yaani pazia linalofunguka kuingiza mwanga. Lenzi ndiyo inayochora picha, na skana ndiyo inayoitoa. Nimeona negativu nzuri zilizopigwa kwa lenzi kali zikitoka kama zimefunikwa chandarua, kwa sababu mwenyewe alimaliza fungu lote kwenye kamera. Basi weka akiba ya skana kabla hujaanza kutamani majina makubwa.

Kamera, kwa mpangilio wangu

Nafasi ya kwanza naipa SLR (kamera yenye kioo ndani, unayochungulia kupitia lenzi yenyewe) ya mekanika tupu, ambayo betri yake ni ya kipimamwanga tu. Pentax K1000 ilitoka mwaka 1976 na ikaendelea kutengenezwa hadi 1997, ndiyo maana bado ni rahisi kuipata. Betri ikifa, spidi zote za shata kuanzia sekunde 1 hadi 1/1000 zinaendelea kufanya kazi. Haina swichi ya kuzima kipimamwanga, kwa hiyo kifuniko cha lenzi ndiyo swichi yenyewe: usipokirudisha, betri inaliwa begini. Nikon FM ya mwaka 1977 na FM2 ya 1982 ni za ukoo huohuo, ila ukichungulia ndani unaona spidi na tundu la lenzi (upana wa njia ya mwanga) ulilochagua, wakati K1000 inakuonyesha sindano peke yake. FM2 inafika 1/4000, jambo la maana sana ukitaka kufungua lenzi yote juani. Zikiwa mbele yangu zote tatu na hali zao ni sawa, nachukua FM. Lakini K1000 nzima ni bora kuliko FM iliyochoka, na hilo sina mjadala nalo.

Ya pili ni Olympus OM-1, kazi ya Yoshihisa Maitani, iliyotoka mwaka 1972 kwa jina la M-1 na kubadilishwa jina mwaka uliofuata. Ni ndogo, nyepesi, na ukiweka jicho unahisi umefunguliwa dirisha. Kwa mapenzi tu ningeiweka ya kwanza. Kinachoishusha ni mambo mawili. Iliundwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35 ambayo haitengenezwi tena, na ukiweka ya alkalini ya volti 1.5 kipimamwanga kinakudanganya. Dawa nafuu ni betri ya zinki na hewa, zile za vifaa vya kusaidia kusikia, namba 675, ukiifungia pete ndogo ili ikae sawasawa. La pili ni sponji iliyo juu ya prizimu, kile kioo cha pembe kinachopeleka picha jichoni: ikioza inakula rangi ya fedha ya prizimu yenyewe. Chungulia, ukiona mabaka meusi ambayo hayaonekani kwenye picha, ndiyo hayo.

Canon AE-1, nayo ya mwaka 1976, naiweka ya tatu. Inakuchagulia tundu la lenzi wewe ukishachagua spidi, na lenzi zake, za FD, ni tamu kweli. Lakini bila betri haipigi hata picha moja. Ukibonyeza ukasikia mkwaruzo kama kikohozi, ujue mitambo ya kioo imekauka mafuta. Fundi anaweza kuitibu, ila gharama hiyo ihesabu ndani ya bei.

Ya nne ni familia ya skrubu ya M42, ambazo lenzi hufungwa kwa kuzungushwa kama skrubu: Pentax Spotmatic, Zenit-E na ndugu zao. Kamera hizi ni nzito na za polepole. Anayezinunua mara nyingi anafuata lenzi, na ana haki: Helios 44-2 ya milimita 58 ina namna yake ya kuzungusha mandhari ya nyuma inayotambulika hata kwa mbali. Lenzi kadhaa za Takumar, za Pentax, zina thoriamu kwenye kioo na hugeuka njano kama chai. Ukiziacha chini ya mwanga wa urujuanimno siku kadhaa njano hupungua.

Canonet QL17 na Yashica Electro 35 ni nzuri kwa anayetaka kamera tulivu yenye lenzi isiyobadilishwa, lakini si za kuanzia.

Za mwisho kwangu ni zile ndogo za kubonyeza tu, kama Olympus mju II. Najua ndizo zinazosakwa kuliko zote. Lenzi yake ya 35mm ni nzuri, hilo silikatai. Ila ubao wake wa umeme ukiungua, karibu hakuna wa kukusaidia, na kwa bei zinazotajwa unapata SLR, lenzi mbili na mikanda ya filamu ya kutosha.

Kabla hujatoa pesa

Niliwahi kuuziwa kamera kwa maneno kwamba imeshafanyiwa huduma. Mkanda wa kwanza uliporudi kutoka kusafishwa, kila picha ilikuwa na mchirizi mwekundu upande uleule. Nilifungua mgongo wa kamera nikapitisha kijiti cha meno kwenye mfereji wa mlango: sponji ilikuwa imegeuka lami, inanata kidoleni. Kuibadilisha ni kazi ya saa moja. Picha thelathini na sita hazikurudi.

Kwa hiyo fungua mgongo kwanza. Weka spidi ya sekunde 1 usikilize: isikwame wala isisitesite. Kisha elekeza kamera dirishani, weka 1/1000, chungulia kwa nyuma upige. Unatakiwa kuona mwanga umejaa fremu nzima. Upande mmoja ukibaki mweusi, mapazia ya shata yanakimbizana vibaya.

Lenzi ielekeze kwenye tochi. Vumbi kidogo halina neno, na mkwaruzo mmoja mwembamba mbele hutauona pichani. Kuvu ndiyo ya kukimbia: inatambaa kama utando wa buibui, na ikikaa muda mrefu inachimba kioo. Zungusha pete ya tundu, utazame visu vyake vya ndani. Viwe vikavu na virudi upesi. Mafuta yakivifikia vinalegea, na kila picha inapata mwanga mwingi kuliko ulivyokusudia. Kwa kuanzia tosheka na lenzi ya 50mm ya f/1.8 au f/2 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana).

Kuskani: hapa ndipo pa kutumia pesa

Njia ninayoipa nafasi ya kwanza ni kuipiga negativu picha kwa kamera ya kidijitali yenye lenzi ya makro, ya kupiga vitu kwa karibu sana. Kamera ya megapikseli 24 ina pikseli 6,000 kwa upana. Ukizitandaza juu ya milimita 36 za negativu, unapata zaidi ya nukta 4,200 kwa inchi. Na lenzi haina haja ya kuwa mpya. Micro-Nikkor ya milimita 55 ya enzi hizohizo, ikiongezewa bomba la kuisogeza mbele, inafanya kazi hii kwa ukali unaoonyesha chembechembe moja moja za filamu.

Unahitaji taa bapa yenye CRI (kipimo cha uhalisia wa rangi chini ya taa) ya 95 au zaidi, kishikio kinachonyoosha negativu, na stendi isiyotikisika. Kinachowashinda wengi ni usawa wa kamera na negativu. Weka kioo kidogo cha kujitazamia pale negativu inapokaa, kisha tazama kwenye skrini ya kamera mpaka uone lenzi inajiona yenyewe katikati kabisa. Ikiwa pembeni hata kidogo, kona moja ya kila picha itakuwa laini. Halafu zima taa za chumba, weka f/8, ISO 100 (kiwango cha wepesi wa kunasa mwanga), kipima saa cha sekunde mbili, na uhifadhi faili ghafi za RAW. Kwa rangi, programu ya Negative Lab Pro inageuza negativu na kuondoa rangi ya machungwa iliyo kwenye filamu yenyewe vizuri kuliko nilivyoweza kwa mkono.

Nafasi ya pili ni skana maalumu ya filamu ya 35mm, ile ya kamera hizi zote, mfano Plustek OpticFilm 8200i. Ni ya polepole, fremu baada ya fremu, lakini inatumia miale ya infraredi kutafuta vumbi na kulifuta. Msaada huo ni wa filamu za rangi. Filamu ya kawaida ya nyeusi na nyeupe, kama HP5 Plus au Tri-X, imejengwa kwa fedha, na fedha inazuia infraredi, kwa hiyo mashine inaona picha yote kama uchafu.

Skana ya mezani kama Epson V600 naiweka ya tatu kwa 35mm. Nukta 6,400 zilizoandikwa kwenye boksi usizitegemee. Ukali halisi uko chini sana ya hapo. Ukipiga filamu pana ya 120, inapanda hadhi. Ukiwaachia wanaokusafishia filamu wakuskanie, sisitiza urudishiwe negativu. Wapo wanaozitupa.

Mkanda wa kwanza ufanye wa kupimia, kwa filamu ya ISO 100 au 200. Piga ukuta mmoja kwenye jua lisilobadilika: anza 1/60 na f/16, kisha kila hatua unayopandisha spidi, fungua tundu hatua moja, mpaka 1/1000 na f/4. Ukishasafisha, zishike negativu dirishani. Zote zinatakiwa kufanana weusi. Zikizidi kuwa nyeusi kadiri spidi inavyopanda, shata inajikokota, na kamera hiyo irudishe kabla muda mliokubaliana na muuzaji haujaisha.