Meza za mtumba kwa kona ya kushonea: ipi ubebe, ipi uiache palepale

"Dada, meza inacheza." Nadhani nusu ya ujumbe mnaonitumia ni huo. Mnanunua meza ya mtumba, mbao ngumu, droo zake nzima, mnaipiga msasa na vanishi hadi inang'aa. Mkipandisha cherehani na kuanza kushona, chumba kizima kinatetemeka. Mshono unaenda kombo, na fundi anaitwa kufungua cherehani isiyo na ubovu wowote.

Kwa hiyo leo sizungumzii rangi, ukubwa wala droo. Hayo mnayajua. Nazungumzia kucheza tu.

Mguu mmoja ukiwa mfupi si kesi. Kunja kipande cha boksi, weka chini, basi. Kinachowatesa ni kucheza kwa ubavu, pale mguu unapoungana na fremu ya juu. Ulimi wa mbao umelegea ndani ya tundu lake, gundi imekufa, na mtu amepigilia msumari juu ya msumari. Muuzaji anajua. Ndiyo maana meza ya namna hiyo huikuti peke yake katikati ya uwanja. Imesukumwa ukutani au imebanwa kati ya makabati mawili. Itoe hapo. Iweke kwenye sakafu ya saruji, simama upande ule mwembamba, shika kona mbili, sukuma na kuvuta kwa urefu wa meza. Usikandamize kwenda chini, maana hata meza mbovu inabeba uzito. Mwambie uliyeenda naye aendelee kusukuma, wewe inama utazame viungo: ukiona ufa mwembamba unafunguka na kufumba kama mdomo wa samaki, umeukuta ugonjwa. Na ukikuta vanishi mpya kwenye viungo tu, kwingine kumechakaa, jua kuna puti, ile ya kuzibia nyufa, chini yake.

Ya kwanza kwangu, na sijifichi, ni miguu ya Singer. Ile fremu ya chuma ya cherehani ya kukanyaga, yenye gurudumu pembeni, ambayo kichwa chake kilishakufa au kuuzwa zamani. Kiwanda cha Singer cha Clydebank, Uskochi, kilifungwa mwaka 1980, na fremu za zama zile bado zimesimama bila kutikisika. Chukua mlango wa zamani wa mbao, ukate ubaki kama mita moja na robo, uufunge juu kwa bolti na nati, si misumari. Ukiutaka mlango mzima, tafuta fremu mbili, la sivyo ukiegemea ncha moja utapinduka nao. Pitisha kidole kwenye maua yote ya chuma kutafuta nyufa. Hicho ni chuma cha kumimina, kikipasuka si kila mchomeleaji wa mtaani anakiweza. Za Butterfly nazo si mbaya, nikipewa sikatai, lakini moyo wangu uko kwa Singer.

Ya pili ni meza ya ofisi ya kizamani, hasa ya mninga au mkongo. Uimara wake unatoka kwenye ule ubao wa mbele unaoficha magoti ya karani. Ndio unaozuia miguu isiyumbe. Wauzaji wengine huung'oa wakatengenezee kitu kingine, halafu wanakwambia meza iko "wazi, inapitisha hewa". Bila ubao huo, bei ishuke au uondoke.

Ya tatu ni meza ya kulia ya watu sita. Ikiwa miguu yake imefungwa kwa bolti, kucheza kwake kunatibika kwa spana. Ila kaa kwanza, maana ubao unaozunguka chini ya meza hizi hubana mapaja, na mtu wa kushona hukaa hapo kutwa.

Meza za chipubodi, zile mbao za chembechembe zilizogandishwa kwa gundi, zilizotoka ofisi zinazohama: zikishafunguliwa na kufungwa upya, skrubu hazishiki tena kwenye matundu yaleyale. Ukitaka kuunda meza ya paleti, zile chaga za mbao za kubebea mizigo, tafuta yenye muhuri wa HT, yaani iliyopashwa joto. Yenye MB ilipigwa dawa ya gesi, iache. Meza ya plastiki, hapana.

Sasa bei. Dar es Salaam hii, kila meza ya mtumba "imetoka ubalozini". Ukiuliza ubalozi wa nchi gani, muuzaji anacheka na bei haishuki. Fremu za Singer ndiyo balaa kabisa. Zamani zilirundikwa kwenye chuma chakavu, lakini tangu wenye migahawa waanze kuziwekea vioo na kuziita antiki, mtu anakutajia bei ya cherehani nzima kwa miguu yenye kutu. Muuzaji mmoja alinipa bei nzuri akidhani nataka chuma tu. Mwenzangu akaropoka kwamba itapendeza kwa kushonea, bei ikapanda tukiwa tumesimama palepale. Siku hizi naenda na watu wasiopenda kuongea.

Na kabla hujatoa hela, uliza nani anapakia. Kirikuu utapatana na dereva mwenyewe, lakini vijana wa kubeba nao wana bei yao, na muuzaji huikumbuka meza ikiwa tayari iko juu ya gari.